KAZI ZA MIKONO: Vibao vya kuweka chini ya glasi, na hatari ya mbao ya bei chini

Mwezi huu tunaongea juu ya kitu kidogo sana: kile kibao cha kuweka chini ya glasi ao kikombe, ili meza isipate alama ya duara. Wengine mtacheka. Lakini vibao sita ao kumi na viwili vilivyotengenezwa vizuri vinapata mnunuzi haraka kwa restora na kwa arusi, na mbao yake ni yale mabaki ambayo menuizie anatupa chini ya meza yake.

Nimeandika ukurasa huu juu ya kijana mmoja wa kwaya yetu. Aliniletea vibao vyake, amefurahi sana, amekwisha kuuza kumi na viwili kwa mama moja wa restora. Mke wangu akaweka juu ya kimoja kikombe cha chai ya moto. Kisha dakika kidogo harufu ya mazutu ikapanda pale mezani, na kitambaa cheupe chini kikashika doa la rangi nyeusi. Nikamuuliza: "Hii mbao ulitosha wapi?" Akajibu: "Baba, ni ya nyumba ya zamani walibomoa. Iko ya bei chini kabisa."

Mmefahamu. Kwetu watu wanapaka mbao za nyumba mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, ili mchwa asizile. Kwa ukuta hakuna shida kubwa. Lakini mafuta yale yana masizi na unga wa vyuma vya moteri, na joto la kikombe linayavuta yatoke. Kurabota juu juu hakusaidie, sababu yamekwisha kuingia ndani ya mti.

Basi kabla ya kusema namna ya kukata, tuseme mbao gani tusikate.

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo, kule Manguredjipa, Mongbwalu na pengine, mnisikilize vizuri. Mbao zilizopitisha mchanga wa zahabu mahali wanapotumia zebaki, ile tunaita merkiri, zisiingie nyumbani hata siku moja. Zebaki inajificha katika nyufa za mti, na hata bila moto inageuka hewa ambayo hamuione wala hamusikie harufu yake. Inaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anaumia zaidi. Msiweke mbao hizo hata katika mbabula kwa kupika: moto unatosha zebaki yote kwa mara moja, na mama anayepepea makaa ndiye wa kwanza kuivuta. Masanduku ya mbao yaliyobeba baruti, vilevile muyaache. Na vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya majani mabichi vina dawa yenye sumu ya arseniki. Hata majivu yake yanabaki na sumu.

Palete zinazofika na bidhaa kupitia Kasindi ni jambo lingine. Tazameni chapa iliyochomwa pembeni. HT maana yake mbao ilipashwa moto, digri 56 katikati ya mti kwa dakika 30. Hiyo ni nzuri. MB maana yake walitumia gazi ya kuua wadudu, muyaache. Na hata HT, kama iko na doa la mafuta ao la dawa, musichukue. Hakuna anayejua kilichomwagika juu yake njiani.

Sasa iliyo nzuri. Mabaki ya libuyu na ya muvula yanapatikana kwa atelie nyingi, hata ya grevilea, yenye michoro mizuri. Karatusi mimi siipendi kwa kazi hii: inapinda, inapasuka. Mbao ya tronsoneuzi mara nyingi ingali na maji. Ipangeni mahali pa kivuli, vijiti katikati ya ubao na ubao, hewa ipite. Pimeni kipande kimoja kwa kilo ya sokoni kila juma. Siku uzito unaacha kushuka, imekauka.

Kibao kizuri kina santimetre 10 kila upande na unene wa santimetre 1. Hapa vijana wengi wanakosa: wanakata vipande kwanza, kisha wanashika kile kidogo mkononi ili wakirabote. Vidole viko karibu sana na chuma. Fanyeni kinyume: chukueni ubao mrefu, urabote, usugue kwa papievere pande zote mbili, na mwisho tu ndipo mukate vipande, ubao umekamatwa kwa etau ao umefungwa nguvu juu ya meza. Kipande cha mwisho, kile kifupi cha kushikia, kisikatwe, kiwe kuni. Tena kwa mashine ya umeme mikono isivae gantu za kitambaa, sababu chuma kinazivuta pamoja na mkono.

Kwa pembe, wekeni papievere juu ya meza na sugueni kibao juu yake. Vumbi musilidharau. Tangu 1995 waganga wa kimataifa wanaohesabu vitu vinavyoleta kansere wametia vumbi la mbao kati yavyo, kwa ajili ya kansere ya pua. La muvula linawasha ngozi na kuleta pumu kwa watu wengine. Fanyeni kazi inje, upepo nyuma yenu, na maski puani. Watoto wakae mbali wakati huo. Kazi yao ni kupaka nta.

Nta gani? Mafuta ya mawese hapana: hayakauke kamwe, yananuka. Nta ya nyuki ni nzuri kwa glasi ya kinywaji baridi. Iyeyusheni katika kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kisha mupake kidogo na mupanguse sana. Inayeyuka karibu na digri 63, kwa hiyo chini ya chai ya moto inalainika na kushika alama. Kwa vikombe vya chai, mimi naacha mti mtupu. Verni ya duka yenye dilia inang'aa, lakini mvuke wake unashika moto. Mbabula ya mama isiwe karibu. Na wale wanaopata mafuta ya lini: kitambaa cha kupakia musikikunje na kukitupa pembeni. Kinaweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe. Mukitandaze inje mpaka kikauke.

Yule kijana alirudi kwa mama wa restora siku ileile, na haya usoni. Akarudishiwa kumi, viwili vilikuwa vimekwisha kupotea kwa wateja. Alimtengenezea vingine vya libuyu bila kuomba feza, na sasa nyuma ya kila kibao anaandika kwa kalamu ya risasi jina la mti na mahali alipoutosha.