Kikombe cha chai kisihesabiwe mlo

Dodoso la lishe likifika kata ya Nyanungu, Tarime, swali halikosi: kaya hii hula milo mingapi kwa siku? Wengi watajibu mitatu, kwa kuwa ndivyo tulivyokaririshwa shuleni na kliniki. Kwa maoni yangu swali hili hupima ratiba ya ofisi kuliko chakula. Chukua mama wa huku msimu wa palizi. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, amebeba kiporo cha ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na anakula saa nne chini ya mti. Ukimuuliza atakwambia leo hajanywa chai. Jirani yake aliyeshindia kikombe cha chai ya rangi bila kitafunwa, yeye chai amekunywa, na kwenye fomu amepata mlo.

Chai yenyewe ni mgeni mezani kwetu. Wajerumani waliijaribu Amani, milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo chake cha biashara kikaja baadaye chini ya Waingereza. Nao Waingereza, tunaodhani walizaliwa na ratiba hii ya milo mitatu, waliihamisha mara kadhaa. Zamani mlo wao mkuu ulikuwa wa mchana. Matajiri wakausogeza taratibu mpaka usiku, wakabaki na njaa ya alasiri, wakaiziba kwa chai na keki. Desturi hiyo huhusishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, miaka ya 1840. Wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini waliendelea kushiba mchana, na jioni wakila nyama na mkate, mlo waliouita chai. Hadi leo ukialikwa chai huko, ni busara kujua mwenyeji ni wa tabaka gani kabla hujaamua kwenda na njaa.

Wataalamu wa afya watanijibu kwamba mtoto tumbo lake dogo, lazima ale mara nyingi. Ni kweli: Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anayenyonya wa miezi 9 hadi 23 alishwe mara 3 hadi 4 kwa siku. Lakini hizo ni mara za kulishwa chakula. Uji wa ulezi wenye maziwa na chai ya rangi haviwezi kujaza kisanduku kimoja, hasa kwa kuwa chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye nafaka na mboga.

Wengine watasema idadi ni rahisi kuandika. Rahisi, ndiyo, lakini tafiti kubwa za afya nchini tayari huuliza ni vyakula gani vililiwa jana, usiku na mchana, na wanavijiji hujibu bila taabu. Fomu za kata zifanye hivyo hivyo, na chai isiandikwe kwenye safu ya milo mpaka kitajwe kilicholiwa nayo.