Rekebisheni Mfereji Kabla ya Kumhubiria Mwanafunzi

Vyuo vyetu vingi vya Eastlands, kuanzia Umoja na Donholm hadi Kayole, vinapenda vibandiko. "Zima taa." "Funga mfereji." Chini ya kibandiko, mfereji wenyewe unavuja tangu muhula uliopita. Raba ya ndani imelika, na mwanafunzi hata aukaze kwa mikono miwili haufungi. Kisha anaambiwa yeye ndiye mharibifu!

Tupige hesabu. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku. Huo ni mtungi mzima, ule ule ambao mama wa Kayole anaununua kwa mwenye mkokoteni mgao unapobana. Tena kwenye majengo yetu ya ghorofa maji hayapandi yenyewe: huingia tangi la chini, pampu ya stima ikayasukuma hadi paani. Kinachovuja ghorofa ya nne kimelipiwa maji na kikalipiwa stima, na mlipaji ni mzazi, kupitia karo.

Sehemu kubwa ya maji haya hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Husafishwa Ng'ethu, yakateremka hadi Gigiri, ndipo yaje huku kwetu, mkiani mwa bomba. Kumwaga maji huku ni kumwibia jirani.

Wakuu wa vyuo wanalia hawana pesa. Pesa gani? Raba ya mfereji haifikii hata nauli ya matatu ya kwenda mjini. Wanaotaka makubwa watazame Strathmore, pale Madaraka: tangu 2014 paa zake zimebeba mitambo ya sola ya kilowati 600. Si kila chuo kinaweza hayo, lakini kubadilisha raba kila chuo kinaweza.

Sheria nayo imewaachia mwanya. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 hudai ukaguzi kila baada ya miaka 3, ila kwa taasisi zinazotumia zaidi ya yuniti 180,000 za nishati kwa mwaka. Chuo kidogo cha juu ya duka hakifiki huko, hivyo hakuna anayekiuliza.

Basi ulizeni nyinyi wanafunzi. Someni mita ya maji jioni chuo kinapofungwa, msome tena asubuhi kabla mfereji wowote haujafunguliwa. Kama tangi lilikuwa limejaa na mita imesonga, kuna mahali panavuja. Mpelekeeni mkuu wa chuo namba hizo mbili, na mdai fundi aje wiki hiyo hiyo.