Mirathi Bila Hati ni Mlango wa Dhulma

Sifa zote njema anastahiki Allah, aliyegawa mirathi Mwenyewe katika Suratun-Nisaa wala hakuwaachia ndugu wa marehemu waigawe watakavyo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Sengerema mjane huambiwa kabla eda yake haijakwisha kwamba shamba ni la ukoo. Mabinti huambiwa wataolewa, hivyo hawana fungu. Wanaosema hayo huswali nasi safu moja, na onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya anayepora ardhi japo shubiri moja wamelisikia.

Wapo wanaojikinga kwa mila. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, na ndugu wa ukoo akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kuwa mila inayomzuia mwanamke kuuza, hali mwanamume anaruhusiwa, inapingana na Katiba. Ikiwa mahakama ya dola imeikataa mila hiyo, sisi ambao Qur'ani yetu imelitaja fungu la binti tunaikumbatia kwa hoja gani?

Hata hivyo, kujua mafungu peke yake hakutoshi. Sheikh hugawa kwa usahihi, watu hutawanyika, na hakuna kilichoandikwa. Tanzania Bara, ugawaji wa sheikh au kadhi hauna nguvu ya dola. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na Mahakama ya Mwanzo inayo mamlaka juu ya mirathi ya Kiislamu. Anayenyamaza ajue pia kuwa muda wa kudai ardhi ni miaka 12.

Yupo atakayesema kwamba kwenda mahakamani ni kuiacha Sharia. La hasha! Tunachoiomba mahakama ni kuyapa nguvu mafungu yaliyowekwa na Allah. Aliyeamrisha deni liandikwe hakutaka shamba la yatima libaki midomoni mwa watu.

Mgogoro ukizuka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, husuluhisha tu wala halihukumu. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa hawamwakilishi mtu mahakamani, lakini humwelekeza njia na nyaraka zinazohitajika.

Jambo hili halingoji. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mradi wa dhahabu wa Nyanzaga umo wilayani mwetu. Ardhi ikipanda thamani, tamaa nayo hupanda, na fidia humfikia mwenye ushahidi.

Basi kila msikiti uteue watu watatu, mmoja wao mwanamke, wamfikishe mjane Mahakama ya Mwanzo na kwa msaidizi wa kisheria, na nauli itoke katika sadaka zetu. Nawe mwenye shamba, andika leo mipaka yake, majirani zake na madeni yako, ukiwa hai na mbele ya mashahidi.

Wabillahi tawfiq.