Kura ya diwani Ireland haiulizi pasipoti

Taa ya barabarani karibu na kituo chetu cha basi hapa Dublin ilizimika mwezi wa kumi, baridi ndiyo kwanza inaanza. Mlioko Muscat au Dubai labda hamtaliona kuwa jambo kubwa. Lakini huku Disemba jua linachwa saa kumi na dakika chache jioni, na asubuhi halichomozi mpaka inakaribia saa tatu kasorobo. Watoto wanatoka kwenda skuli kungali kiza.

Mama yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alijikwaa hapo akitoka kununua mkate. Alhamdulillahi hakuvunjika, goti tu lilichubuka. Nyumbani tulilalamika wiki nzima. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, jamaa wakajibu "pole sana", wengine wakaongeza "hawa watu hawatujali sisi". Basi, tukaishia hapo.

Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiirishi, alipomuuliza mama kuhusu goti, nikamweleza kisa chote. Akaniuliza swali moja tu: "Umemwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Mtaa mzima, kila mmoja alidhani mwenzake keshasema. Akanielekeza kwa diwani wetu, ambaye hukaa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa mtaa kusikiliza shida za watu. Huku ni desturi, madiwani wengi wanafanya hivyo. Huhitaji barua wala mtu wa kukutambulisha. Unakwenda, unasubiri zamu yako, unasema.

Diwani akaniuliza namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya taa, nikampa, akaiandika. Halafu akaniuliza kama nimo kwenye daftari la wapiga kura. Nikacheka kidogo, nikamwambia mimi si raia, pasipoti yangu ya Oman. Akasema: "Sikukuuliza pasipoti. Nimekuuliza unaishi hapa?"

Wallahi niliona haya. Miaka kumi na moja nimeishi nchi hii, nalipa kodi, wanangu wamezaliwa hapa, na hilo sikulijua. Nilipouliza jamaa, wengi nao hawakulijua. Ndiyo maana naandika leo.

Sheria ya Ireland iko hivi. Kumchagua rais na kupiga kura ya maoni ni kwa raia wa Ireland peke yao. Uchaguzi wa bunge, Dáil, ni kwa raia wa Ireland na wa Uingereza wanaoishi hapa. Kwa hiyo ndugu zetu waliohamia huku kutoka London au Portsmouth na pasipoti ya Kiingereza, na uchaguzi wa bunge pia ni wenu. Lakini uchaguzi wa halmashauri ni wa kila mkaazi aliyetimiza miaka 18, awe raia wa nchi yoyote. Mwomani, Mtanzania, Mkenya, Myemeni, wote. Na si kupiga kura tu, hata kugombea. Rotimi Adebari alikuja kutoka Nigeria mwaka 2000 kuomba hifadhi, na mwaka 2007 alikuwa meya wa mji wa Portlaoise.

Sasa kuna atakayesema, diwani ana nini? Kweli, madiwani wa Ireland hawana nguvu kubwa, na sitaki kumdanganya mtu. Foleni ya hospitali hawawezi kuifupisha, maana hospitali za umma ziko chini ya HSE, shirika la afya la taifa zima. Polisi, yaani Garda, si wao. Walimu si wao. Hata ndani ya halmashauri, kazi ya kila siku iko mikononi mwa mtendaji mkuu ambaye hachaguliwi na wananchi. Limerick tu ndiko watu walikomchagua meya wao moja kwa moja, Juni 2024, akapata John Moran. Dublin, meya wa jiji huchaguliwa na madiwani 63 wenyewe kwa wenyewe, mwaka mmoja mmoja.

Lakini tazama kilichobaki mikononi mwa halmashauri. Nyumba za serikali na orodha ya wanaozisubiri. Barabara za mtaani, vijia vya miguu, taa. Bustani za watoto. Zimamoto. Maktaba, ambazo uanachama wake ni bure na tangu 2019 hazitozi faini ukichelewesha kitabu. Makaburi mengi ya umma. Na vibali vya ujenzi. Jumuiya ikitaka kujenga msikiti, au kugeuza ghala kuwa madrasa, maombi yanaanzia halmashauri. Madiwani hawatii saini kibali kimoja kimoja, lakini wao ndio wanaopitisha mpango wa eneo, ule unaosema wapi pajengwe nini. Haya si mambo madogo kwa familia zetu. Ni pale tunapolala, tunaposali na tutakapozikwa.

Na kura yetu, ingawa tu wachache, ina uzito kuliko tunavyodhani. Huku huweki alama kwa mtu mmoja. Unawapanga wagombea kwa namba: 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, 3, 4, mpaka utakapochoka. Wa kwanza wako akitolewa, kura yako haipotei, inahamia kwa wa pili. Kiti cha mwisho cha eneo mara nyingi hupatikana kwa kura hizo za kuhamahama, na tofauti inaweza kuwa kura za kuhesabu kwa vidole. Familia thelathini za mtaa mmoja zikijiandikisha, mgombea atabisha hodi kwao.

Najua majibu ya barazani, nimeyatoa mwenyewe miaka yote. "Sisi wapita njia, tutarudi kwetu." Inshallah. Lakini wapita njia gani tunaosomesha watoto skuli moja miaka minane? Mtoto wangu akiniongelesha Kiingereza ni cha Dublin kitupu, hata mimi simfahamu nusu yake.

Wengine wanaogopa visa, wakidhani kujiandikisha kutawachokonolea mambo. Hii ni haki iliyo kwenye sheria, si upenyo wa kujipenyeza. Nadhani hofu hiyo tumekuja nayo. Wengi wetu tumelelewa Ghuba, ambako mgeni yuko chini ya kafili na adabu yake ni kukaa kimya. Oman wanachagua mabaraza ya manispaa tangu 2012, lakini ni kwa raia, na mgeni hapaswi kuulizia. Huko ilikuwa sawa. Hapa ukimya hauhesabiwi kuwa adabu. Unahesabiwa kuwa huna shida.

Na wapo wanaosema tangu ghasia za tarehe 23 Novemba 2023, mabasi na tramu zilipochomwa moto katikati ya jiji na wahamiaji wakatukanwa, bora tujifiche. Mimi naona kinyume chake. Uchaguzi wa Juni 2024 walisimama wagombea waliosema waziwazi kuwa wanapinga wahamiaji, na wachache wao wakapata viti hapa Dublin. Walipata kwa kura, si kwa mawe. Nusu hivi ya waliojiandikisha nchi nzima hawakwenda kupiga kura. Wasiotutaka wanakwenda vituoni, sisi tunabaki nyumbani tunaandikiana "pole sana".

Kujiandikisha hakuna ugumu. Ni kwenye mtandao, kwa namba yako ya PPS, tarehe ya kuzaliwa na Eircode ya nyumba. Asiyeweza mtandao ajaze fomu ya karatasi. Daftari liko wazi mwaka mzima, na vijana wa miaka 16 na 17 wanaruhusiwa kujiandikisha mapema ili wakitimiza 18 majina yao yawe tayari. Uchaguzi wa halmashauri huja kila miaka mitano, kwa hiyo ujao ni 2029. Usingoje 2029. Diwani anasikiliza mwaka mzima, na akijua umo daftarini anasikiliza vizuri zaidi. Binadamu ndivyo walivyo.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu imepita zamani, na jembe tumewekewa mlangoni.

Taa iliwaka kabla mwezi haujesha. Mama sasa anakwenda mwenyewe kununua mkate. Juzi kaniambia jiwe moja la kijia cha miguu mbele ya duka limenyanyuka, mtu atajikwaa. Nikamuuliza, "Mama, umemwambia nani?" Akanitazama, akacheka. Jumamosi tunakwenda wote.