Mita 60 za Matete

Kila ifikapo Machi na Aprili, mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya hupita mwambao wetu wakirejea kwao. Mkazi wa Mwandiga anayeteremka hadi mdomo wa mto Luiche, kusini ya Ujiji, aweza kuwaona jioni wakishuka katika matete kwa makundi.

Matete hayo si ya ndege peke yao. Hukinga tope la mashamba ya milimani lisimwagike ziwani, na vifaranga vya samaki hujificha humo. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa ili samaki wazaliane, na wavuvi wetu wakavumilia kwa taabu. Matete yakifyekwa na kuchomwa, uvumilivu ule utakuwa wa bure.

Hatupingi kilimo cha mpunga. Watu sharti wale. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto na ziwa. Twaomba mita hizo ziwekewe alama zinazoonekana na kila mwenye jembe, tena kabla ya mvua kuanza. Walimu nao wawapeleke wanafunzi kila Aprili wakahesabu ndege, na hesabu hiyo iandikwe katika daftari litakalotunzwa na halmashauri.