Barua ya wazi kwa kiongozi wa mashtaka aliyemfunga mdogo wangu

Mheshimiwa,

Kesi unaijua, sitaisimulia upya. Lakini ulisema neno moja mahakamani ambalo mpaka leo limenikwama kooni: kwamba vijana waliomlazimisha awabebe walipoingia dukani wakamwacha mdogo wangu nje na pikipiki yake, panga halikuwa tena shingoni mwake, basi angeweza kuondoka.

Aondoke aende wapi? Walikuwa wameshamtajia jina la binti yake na madrasa anayosoma.

Najua hoja hiyo uliitoa wapi. Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwondolea hatia mtu aliyeshurutishwa na wahalifu kwa tishio la kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo, mradi tishio hilo lidumu muda wote wa tendo. Tishio la madhara ya baadaye halihesabiki. Tena anayelindwa ni yule aliyetishwa nafsi yake; mtoto wake hayumo. Kanuni hiyo tuliachiwa na wakoloni tangu 1930. Kenya hiyohiyo iliridhia Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2005, na Ibara ya 31 ya mkataba huo inamruhusu mshtakiwa aliyeko The Hague kujitetea kwamba aliyetishiwa kifo ni mtu mwingine. Mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita anaweza kumtaja mwanawe. Mwendesha bodaboda wa Pwani hawezi. Wabunge wetu wanapita juu ya kifungu hicho mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayekigusa.

Ila hasira yangu haiishii kwenye kifungu. Mdogo wangu alikwenda kituoni mwenyewe, usiku uleule, wala hapakuwa na mtu anayemtafuta. Aliwataja wote kwa majina. Taarifa hiyo ndiyo uliyomfungia, na kati ya aliowataja hajafikishwa kizimbani hata mmoja.

Sasa hatakwenda mwingine. Pale stejini yuko kijana aliyebebeshwa mzigo kwa vitisho vilevile baada ya hukumu. Mkewe amenieleza huku akilia, na akaniapisha nisimtaje. Hakuripoti. Muuza viazi karai aliyewaona wale vijana wakitoka dukani hakuripoti. Wazee wa mtaa waliokuwa wakituhimiza kila baraza tutoe habari kwa polisi siku hizi wananyamaza likifika jambo hilo. Hatakwenda mtu, mheshimiwa, kwa sababu mmoja alikwenda mkamfunga.

Pikipiki ilikuwa ya mkopo, imechukuliwa. Binti namlea mimi.

Ibara ya 157 ya Katiba inawataka mzingatie masilahi ya umma na utoaji wa haki mnapotumia mamlaka yenu ya kushtaki. Umma ndio sisi. Nionyeshe faida tuliyoipata kwa kumfunga shahidi pekee aliyethubutu kusema.

Rufaa imewasilishwa. Nakuomba usiipinge. Ikiwa lazima uipinge, basi taarifa aliyoiandikisha usiku ule isomwe mahakamani yote, pamoja na saa aliyofika kituoni na majina aliyoyataja, nawe umweleze jaji ni lini utawashtaki wenye majina hayo.

Dada yake