Simu ya Bi Harusi Isizime Kabla ya Alasiri

Leo tunaweka shela na hina pembeni kidogo, tuzungumze chaji ya simu. Msicheke, yalitukuta.

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Mikocheni. Mwaka jana tulivuka na boti kwenda Unguja tumebeba shela la bi harusi. Njia nzima tulikuwa tunapiga video za bahari na kuweka status. Kufika bandarini Malindi, simu imezima. Ramani ya nyumba imo kwenye simu, nauli ya gari imo kwenye simu, namba ya mama wa bi harusi hatuna kichwani. Mpaka tupate wa kutuazima chaja, nyumbani tukafika baada ya Alasiri. Nikaha imeshafungwa na bi harusi ametolewa na gauni la kuazima. Alitupokea kwa adabu, lakini yale macho yake hatujayasahau.

Kosa lilikuwa letu, si la simu. Ndiyo maana tunasema chaji ni amana. Aliyebeba shughuli ya mtu kwenye simu yake hana haki ya kuichezea.

Wengi wetu simu ikianza kuisha haraka tunasema ni mbovu, tununue mpya. Huo mara nyingi ni israfu, maana betri tunaiua wenyewe. Betri za siku hizi ni za lithiamu, na adui yake mkubwa ni joto. Apple wanashauri simu zao zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na wanasema joto kali huidhoofisha betri moja kwa moja. Sasa fikiria sisi tunaoiweka karibu na pasi, tunaoiacha mbele ya gari juani, tunaoichaji usiku chini ya mto. Joto la Dar la Januari peke yake linatosha.

Jambo la pili, usingoje izime ndiyo uchaji. Betri hupenda kukaa katikati, kati ya asilimia 20 na 80. Ile habari ya kuichaji simu mpya masaa manane kwanza ni ya betri za zamani, iacheni.

Kinachokula chaji zaidi ni mwanga wa kioo, punguza. Zima data na ramani usipozihitaji. Na ukiwa kwenye boti, katikati ya maji mtandao ni dhaifu na simu huhangaika kuutafuta, basi iweke hali ya ndege mpaka uione Unguja.

Wapo watakaosema, nunua pawabenki yaishe. Nunua, tena ijaze usiku wa kuamkia harusi, kwani umeme hauna ahadi. Wa Unguja mnaikumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, na sisi wa Dar mgao wa mwanzoni mwa 2024 hatujausahau. Lakini pawabenki haifufui betri iliyokwisha kuungua kwa joto.

Kwa bi harusi tunashauri hivi. Siku yako simu mkabidhi somo wako au wifi unayemwamini, asiigeuze ya kupigia picha. Andika kwenye karatasi namba ya fundi, ya mpishi, ya dereva na ya mzazi. Weka na noti kidogo kwenye mkoba. Sisi siku hizi hatuvuki bila karatasi hiyo.

Picha zitapigwa na wengine. Simu yako ibaki hai kwa ajili ya watu wanaokutafuta siku hiyo.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.